Victorien Sardou, mzee wa Tosca: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huyu Sardou ni nani hasa?

Ni mtunzi wa tamthilia wa Ufaransa, mtu wa Paris kabisa, kazaliwa huko 5 Septemba 1831 na kafia hukohuko 8 Novemba 1908. Kaandika michezo kama 70 hivi, na kwa karibu miaka hamsini ukitafuta tiketi ya tamthilia Paris, London au New York jina lake lilikuwa lazima ukutane nalo. Leo ukimtajia mtu jina lake hajui, lakini mwambie opera ya Tosca, mwambie kofia ya fedora, muoneshe lile bango refu la mwigizaji Sarah Bernhardt ameshika tawi la mtende, utasikia "ahaa, hivyo navijua". Vyote vitatu vimetokana na huyu mzee. Ndo maana nimeamua kukusanya maswali sehemu moja, kila nikimtaja naulizwa yaleyale, na kwa kweli naona hajatendewa haki.

Alitoka familia yenye hela?

Hapana. Ukoo wa baba yake ni watu wa Le Cannet, kule kusini karibu na Cannes, walikuwa na mashamba ya mizeituni, ikaja baridi kali ikaua miti na mali ikaishia hapo. Baba yake, Antoine Léandre Sardou, akahamia Paris, akashika vitabu vya hesabu, akafundisha, akaendesha shule, akatunga vitabu vya sarufi na kamusi. Msomi mzuri sana ila pesa haikukaa mkononi, mwisho akarudi zake kusini na kijana akabaki Paris peke yake. Victorien akaanza masomo ya udaktari, hela ikakata, akaacha. Akawa anaishi kwa kufundisha wageni Kifaransa, anafundisha Kilatini, historia, hesabu, anaandika vipande vya kamusi elezo za bei poa, halafu usiku anarudi kwenye tamthilia zake.

Ni kweli mchezo wake wa kwanza ulizomewa?

Ulizomewa vibaya mno. Kabla ya hapo alishaandika tamthilia ya huzuni iliyotokea Sweden, akampelekea Rachel, mwigizaji mkubwa kuliko wote wakati ule, Rachel akaikataa. Halafu 1 Aprili 1854 ukumbi wa Odéon ukamchezea La Taverne des étudiants, yaani kilabu cha wanafunzi. Ukumbi wenyewe uko mtaa wa wanafunzi, na uvumi ukawa umeshasambaa kwamba jamaa kalipwa na serikali awatukane wanafunzi. Hakuna aliyesubiri kusikiliza mchezo unasema nini, ni miluzi na kelele tu. Baada ya usiku wa tano ukaondolewa.

Baada ya hapo kila alichoandika kinarudishwa. Huyu mkurugenzi hataki, yule kakubali halafu ukumbi umefilisika, mwingine kampa Scribe, mtunzi mkongwe wa tamthilia, asome na Scribe kasema haufai. Akaishia kwenye chumba cha juu kabisa chini ya paa, njaa, na homa ya matumbo ikamlaza karibu kufa, miswada iliyokataliwa imemzunguka kitandani. Aliyemuokoa ni mwigizaji aliyekuwa anakaa nyumba hiyohiyo, Mademoiselle de Brécourt, akamuuguza hadi akasimama tena. Mwaka 1858 wakaoana. Yule mama alifariki 1867, na Sardou akaja kuoa tena 1872, safari hii binti wa Eudore Soulié, msimamizi wa makumbusho ya Versailles.

Sasa alitokaje hapo mpaka kuwa staa?

Kwa mkono wa mwanamke mwingine tena. Mke wake alikuwa anafahamiana na Virginie Déjazet, mwigizaji wa vichekesho aliyependwa sana Paris, akampeleka mume wake kwake. Déjazet alikuwa ameshavuka miaka 60 lakini bado anacheza vijana wa kiume jukwaani na watu wanamuamini! Mwaka 1859 akawa na ukumbi wake mwenyewe wenye jina lake, na Sardou akamuandikia Les Premières Armes de Figaro, ambamo bibi huyo anamcheza Figaro akiwa kijana mdogo. Ukakubalika. Wa mwaka uliofuata, Monsieur Garat, ukakubalika zaidi.

Na hapo milango ikafunguka kwa mpigo. Mwaka huohuo 1860 ukumbi wa Gymnase ukatoa Les Pattes de mouche, mwaka 1861 Nos intimes, mwaka 1863 keshapewa nishani ya Légion d'honneur. Miaka tisa tu toka azomewe Odéon.

Watu wanasema alimuiga Scribe, ni kweli?

Alisoma kwake, ndiyo, na hakuona aibu. Eugène Scribe (1791 hadi 1861) ndiye aliyeweka fomula ya tamthilia iliyosukwa vizuri: siri inawekwa mapema, watazamaji wanaijua na baadhi ya wahusika hawaijui, kitu kidogo kinapita mkono hadi mkono, kila tendo linafungwa kwenye jambo linalokufanya usiende nyumbani, mwishoni fundo linafunguliwa kwa kitu ulichokiona toka mwanzo. Inasimuliwa kwamba Sardou alikuwa anasoma tendo la kwanza tu la mchezo wa Scribe, anafunga kitabu, anaandika mwenyewe matendo yaliyobaki, halafu anafungua kulinganisha. Mimi hili zoezi nalipenda na ningelimpa kijana yeyote anayetaka kuandika skripti leo.

Lakini ukisoma wote wawili utaona tofauti. Scribe anacheza na mipango ya watu, Sardou anacheza na vitu unavyoweza kuvishika. Barua, mtazamaji anajua iko wapi na mwenye nyumba hajui. Upepeo wa mkononi. Kisu cha mezani. Bili ya kufua nguo. Anakipa kitu kimoja maisha mpaka unakiogopa.

Hiyo Les Pattes de mouche inahusu nini?

Karatasi. Yaani mchezo mzima ni barua moja ya zamani, msichana alimuandikia mpenzi wake kabla hajaolewa na mtu mwingine, akaificha chini ya sanamu ndogo ya kaure, na imekaa hapo miaka mitatu. Mpenzi anarudi kutoka safari. Mume ana wivu. Barua bado iko palepale sebuleni. Baada ya hapo ile karatasi inahama: inatafutwa, inafichwa tena, inaponea moto, inatupwa dirishani, kuna mpenda wadudu anaiokota na kufungia mende wake wa utafiti, na wewe umekaa kwenye kiti unaifuata kwa macho maana ikifika kwa mume ndoa imekwisha. Hakuna bunduki, hakuna maiti, na bado roho iko juu saa zote. Waingereza waliitafsiri na kuicheza miaka mingi. Kwangu huu ndo mchezo unaoonesha ufundi wake mtupu, bila staa wala mapambo.

Aliandika vichekesho tu?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanakosea. Alikuwa na mafaili matatu hivi makubwa.

Kuna vichekesho vya kuisema jamii, kama La Famille Benoiton ya 1865, familia iliyolewa pesa na mitindo wakati wa Napoleon wa Tatu. Kitu kitamu humo ni kwamba mama mwenye nyumba haonekani hata mara moja, kila akiulizwa jibu ni katoka. Mchezo unaisha hujamuona. Na Divorçons! ya 1880, aliyoandika na Émile de Najac, wakati Ufaransa talaka bado hairuhusiwi na bunge linabishana (sheria ilikuja kupita 1884). Mke anataka talaka aolewe na kijana wake wa pembeni, inakuja telegramu ya uongo kwamba sheria imepita, mume anasema sawa mama, chukua. Sasa yule kijana si wa siri tena, ni mchumba halali, na mume ndo kawa wa kutoroka naye kwenda kula chakula cha usiku! Miaka zaidi ya 140 na bado unacheka.

Kuna tamthilia nzito za historia, Patrie! ya 1869 ndiyo kubwa yao, Brussels mwaka 1568 chini ya utawala wa Duke wa Alba wa Hispania, mtu anachagua kati ya nchi yake na mke wake. La Haine ya 1874, ya Siena ya karne ya 14, ilitolewa na mtunzi wa muziki Offenbach kwenye ukumbi wake wa Gaîté kwa gharama za kutisha, ikaanguka na ikachangia kumfilisi Offenbach. Sardou mwenyewe aliumia nayo sana.

Na kuna zile alizomkatia Sarah Bernhardt. Hizo zina swali lake.

Uhusiano wake na Sarah Bernhardt ulikuwaje?

Wa kazi, na mkubwa mno. Bernhardt alikuwa ameachana na Comédie-Française mwaka 1880 na kuzunguka Marekani, akawa anahitaji mchezo wa kurudi nao Paris kwa kishindo. Sardou akamuandikia Fédora, ikafunguliwa 11 Desemba 1882 ukumbi wa Vaudeville. Mchumba wa binti mfalme wa Urusi kauawa, bibie anaapa kulipa kisasi, anamfuata mtuhumiwa hadi Paris, anajifanya anampenda ili akiri, na barua ya kumshtaki keshaituma. Jamaa anakiri na kueleza sababu: yule mchumba alikuwa anamzunguka na mke wake. Kumbe bibie keshampenda kweli, na ile barua haiwezi kurudi. Kaka na mama wa yule bwana wanakufa kwa sababu yake. Anakunywa sumu.

Baada ya hapo wakawa kama timu: Théodora mwaka 1884, malkia wa Byzantium, La Tosca 1887, Cléopâtre 1890, Gismonda 1894, Spiritisme 1897, La Sorcière 1903. Michezo saba kwa miaka ishirini na moja. Alijua sauti yake inapanda wapi, alijua watu wanakuja kumuona anavyokufa, basi anampa kifo kirefu cha mwisho. Na Bernhardt alivibeba hivi vitu hadi Amerika Kusini na Australia.

La Tosca ilimgharimu Bernhardt. Mwishoni Tosca anaruka kutoka ukutani, mwaka 1905 wakiwa Rio de Janeiro akaruka na chini magodoro hayakuwekwa sawasawa, goti likaumia. Halikupona vizuri, maumivu yakawa yanazidi mwaka hadi mwaka, na mwaka 1915 mguu ukakatwa. Aliendelea kuigiza hata baada ya hapo.

Lile bango maarufu nalo ni lake?

Bango ni la Alphonse Mucha, mchezo ni wa Sardou. Gismonda. Mwisho wa Desemba 1894 Bernhardt anataka bango haraka, kiwanda cha uchapaji watu wako likizo, aliyebaki karibu ni Mucha, kijana wa Kicheki ambaye hakuwa na jina. Akachora bango la zaidi ya mita mbili, mama kasimama na mavazi ya Byzantium na tawi la mtende. Lilipobandikwa Paris Januari 1895 watu wakawa wanalibandua usiku waende nalo nyumbani, na Bernhardt akampa Mucha mkataba wa miaka sita. Leo bango linauzwa kwenye vikombe na mashati, mchezo wenyewe hauchezwi tena.

Na kofia?

Ndiyo, jina la kofia ya fedora limetokana na huo mchezo wa 1882, Bernhardt alivaa kofia laini yenye ukingo, wanawake wakaiga. Wanaume waliichukua baadaye kabisa.

Tosca ya Puccini na La Tosca ya Sardou ni kitu kimoja?

Stori ni moja, kazi ni mbili: ya Sardou ni tamthilia, ya Puccini, mtunzi wa muziki wa Italia, ni opera. Ya Sardou ilifunguliwa 24 Novemba 1887 ukumbi wa Porte-Saint-Martin, ina matendo matano na wahusika wengi sana. Ya Puccini ilifunguliwa Teatro Costanzi, Roma, 14 Januari 1900, ina matendo matatu na watu wachache, Luigi Illica na Giuseppe Giacosa ndo waliokata na kuandika maneno ya kuimba.

Kwa wasiojua: Roma, Juni 1800, Napoleon anapigana Marengo na habari zinafika mjini kinyume, wanashangilia ushindi halafu inakuja kuonekana wameshindwa. Tosca ni mwimbaji, mpenzi wake Cavaradossi ni mchoraji anayemficha mfungwa aliyetoroka. Mkuu wa polisi, Scarpia, anaokota upepeo wa dada wa yule mfungwa na kumuonesha Tosca, anajua wivu utamfikisha anakotaka kufika. Tosca anakimbia kwenda kumfumania mpenzi wake na polisi wako nyuma yake. Cavaradossi anateswa Tosca akisikia. Scarpia anasema jilete kwangu nitafanya kupigwa risasi kwake kuwe maigizo. Tosca anachukua kisu mezani anamuua, na hapo Sardou anaweka kile kitendo ambacho hakuna anayekisahau, anamuwekea maiti mishumaa na msalaba kifuani kabla ya kutoka. Risasi za maigizo zikawa za kweli. Akaruka.

Puccini alimuona Bernhardt akiucheza Italia mwaka 1889, Kifaransa hakielewi vizuri na bado alishikwa, akamuandikia mchapishaji wake Ricordi kwamba anaitaka hii. Haki zikaenda kwanza kwa mtunzi mwingine, Alberto Franchetti. Mwaka 1894 Illica alisoma maneno ya opera nyumbani kwa Sardou Paris, na Verdi mwenyewe alikuwepo na akavutiwa. Baadaye Franchetti akaachia na mwaka 1895 Puccini akapata.

Kuna tukio la Januari 1899 ambalo Puccini alilisimulia kwenye barua. Alimtembelea Sardou Paris, mzee ana miaka 67 na anaongea bila kupumua, anataka Mto Tiber uonekane unapita kati ya kanisa la Mtakatifu Petro na ngome ya Sant'Angelo. Puccini akamwambia mto unapita upande mwingine, chini ya ngome. Sardou akajibu kwa utulivu kwamba hilo si tatizo. Wengine wanalitumia hili kumcheka, mimi naliona tofauti: huyu mzee alikuwa anaiona picha ya mwisho, mwanamke, ukuta, mto, na mtazamaji aliye kwenye kiti chake hana ramani.

Halafu kuna wanaosema opera ndiyo iliyoipa stori maana. Sikubali. Muziki ni wa Puccini na ni mkubwa, lakini upepeo, mateso nyuma ya mlango, biashara ya Scarpia, mishumaa, risasi za kweli, vyote vilikuwa vimeshasimama mwaka 1887.

Opera nyingine zimetoka kwake?

Zipo. Fedora ya Umberto Giordano, Milano 1898, na aliyemuimba Loris, yule aliyemuua mchumba, usiku ule ni Enrico Caruso kijana, ndipo jina lake lilipoanza kuruka. Giordano aliiomba hiyo stori miaka mingi nyuma akiwa hajulikani, Sardou akamkatalia, akarudi na jina ndo akapewa. Giordano huyohuyo akatoa Madame Sans-Gêne, New York 1915, Sardou keshafariki. Mwenyewe aliandika maneno ya Le Roi Carotte kwa Offenbach (1872), na Les Barbares ya Saint-Saëns (1901) aliiandika na Gheusi.

Ni kweli serikali ilimpiga marufuku?

Zaidi ya mara moja. Wakaguzi wa Napoleon wa Tatu walizuia Candide yake aliyomuandikia Déjazet mapema kabisa. Mwaka 1873 L'Oncle Sam, kichekesho cha kuwasema Wamarekani, ikazuiwa Paris kwa kuogopa kuiudhi Marekani, na ilipoanza kuchezwa ikachezwa New York! Wamarekani wenyewe wameitazama, Paris ikaja kuruhusu mwisho wa mwaka.

Lakini skendo kubwa ni Thermidor, Januari 1891, na inabidi nieleze taratibu maana ni kisa kizito. Mchezo unatokea siku Robespierre, kiongozi wa kipindi cha ukatili cha Mapinduzi ya Ufaransa, anaanguka, Julai 1794. Mhusika mkuu, Labussière, ni karani wa ofisi inayopeleka watu kwenye mashine ya kukata vichwa, na kwa siri anaharibu mafaili ili watu wapone. Sasa rafiki yake anamuomba aokoe msichana mmoja, na njia pekee iliyobaki ni kubadilisha faili lake na la mwanamke mwingine ambaye hajui chochote. Utafanya nini? Coquelin ndiye aliyemcheza.

Ukumbi wenyewe ni Comédie-Française, wa serikali, na serikali ni ya jamhuri inayojiona mtoto wa Mapinduzi. Usiku wa kwanza, 24 Januari, ulipita. Wa pili, 26 Januari, ukumbi ukalipuka, miluzi, matusi, watu wanasimama wanamuita Sardou msaliti wa jamhuri. Serikali ikafunga mchezo. Tarehe 29 jambo likafika bungeni, na hapo ndipo mbunge Georges Clemenceau alipotoa ile hotuba kwamba Mapinduzi ni kitu kimoja kizima, huwezi kuchagua kipande unachopenda na kukataa kingine. Wafaransa wanaitaja hotuba hiyo mpaka leo kwenye mijadala ya historia yao, na wachache wanakumbuka ilitokana na tamthilia. Mchezo ulirudi 1896, Porte-Saint-Martin.

Kwa maoni yangu Thermidor ndo ujasiri wake mkubwa. Hakusema Mapinduzi yote ni mabaya, alimuweka karani mezani na mafaili mawili mkononi akamuuliza.

Siasa zake zilikuwa upande gani?

Alikuwa mtu wa utulivu, hapendi makundi yenye hasira, na anawashuku wanasiasa wa majukwaani. Rabagas ya 1872 ni mwanasheria mropokaji anayeongoza upinzani Monaco, akipewa cheo tu anageuka, na kila mtu Paris aliona ni mwanasiasa Gambetta anasemwa. Ilileta ugomvi kila usiku.

Ila kuna siku alifanya kitu kwa mwili wake. 4 Septemba 1870, habari za jeshi la Napoleon wa Tatu kushindwa na Waprusi huko Sedan zimefika, umati umejaa mbele ya jumba la Tuileries na ndani kuna askari wenye bunduki. Sardou na mwandishi Armand Gouzien wakatangulia na kitambaa cheupe, wakaongea na Jenerali Mellinet aliyekuwa analinda, wakakubaliana askari waondoke na umati upite bila kuvunja. Hakuna aliyekufa pale. Jumba lilikuja kuchomwa Mei 1871 wakati wa Komuni, yale maasi ya Paris.

Eti alikuwa anaongea na mizimu?

Aliamini, na hakuficha. Alikuwa karibu na Allan Kardec, baba wa imani ya mizimu ya Ufaransa, na mwaka 1858 jarida la Kardec lilichapisha michoro ya Sardou ya nyumba za sayari ya Jupita, mojawapo nyumba ya Mozart huko. Alisema mkono wake uliongozwa. Michoro yenyewe ni mizuri ajabu, mapambo madogomadogo ya noti za muziki na maua, mtu ambaye hakujulikana kama mchoraji. Mwaka 1897 akaliweka jambo hili jukwaani kwenye Spiritisme, haikupokewa vizuri.

Aliiba kazi za watu?

Alishtakiwa hivyo maisha yake yote. Aliyepiga kelele zaidi ni mtunzi Mario Uchard, akidai Odette ya Sardou imetoka kwenye La Fiammina yake ya 1857. Sardou akajibu kwa kijitabu kizima, Mes plagiats, akionesha kwamba kwa kipimo hicho Uchard naye kachukua kwa wengine. Ukweli ni kwamba alichukua mawazo popote: Fernande imetoka kwenye kisa cha Diderot. Lakini mpe mtu mwingine kisa hichohicho na hatakusukia Les Pattes de mouche.

Madame Sans-Gêne ni mtu wa kweli?

Ni wa kweli. Catherine Hübscher, mfua nguo kutoka Alsace, aliolewa na sajenti Lefebvre, sajenti akaja kuwa marshali wa Napoleon na Duke wa Danzig, mama akawa duchess na hakubadilisha mdomo wake. Lile jina la utani kihistoria lilikuwa la mwanamke mwingine, Thérèse Figueur aliyepigana jeshini, Sardou na mwenzake Émile Moreau wakamvisha Catherine na likamganda. Mchezo ulifunguliwa 27 Oktoba 1893, Réjane akicheza. Tukio la kukumbukwa: Napoleon keshakuwa mfalme anamuita kumkaripia kwa tabia zake za mtaani, ataka mumewe amwache, mama anatoa bili ya zamani, ya nguo alizomfulia akiwa luteni hana kitu na hajawahi kulipa. Kile chumba kinageuka palepale. Nadhani kwa sababu Sardou mwenyewe aliwahi kulala njaa, hapa anaandika kwa moyo wote.

Alikuwa anafanyaje kazi?

Kwa utafiti mkubwa na kwa kusimamia kila kitu. Ana mafaili ya mawazo, mengine yanakaa miaka. Akimaliza anawasomea waigizaji yeye mwenyewe kwa sauti za wahusika wote, na waliomsikia walisema alikuwa mwigizaji kamili. Kwenye mazoezi anapanda jukwaani, anaonesha kiti kikae wapi, nani ageuke kwenye neno gani, kofia yake ya bereti kichwani na skafu shingoni. Kazi ambayo leo tunamlipa dairekta, alikuwa anaifanya yeye.

Alikufa maskini kama wengine?

La. Alikuwa na nyumba kubwa Marly-le-Roi, nje ya Paris, getini kuna safu ya sphinx za mawe, na amezikwa mji huohuo. Mwaka 1877 alichaguliwa Académie française, baraza la heshima la waandishi na wasomi wa Ufaransa, akapokelewa 1878. London, mwigizaji Henry Irving alimuagizia Robespierre (1899) na Dante (1903), na mwaka 1907, umri 76, bado anatoa L'Affaire des poisons.

Kama alikuwa mkubwa hivyo, kwa nini kasahaulika?

Sababu ya kwanza ni wakosoaji. Mwandishi Bernard Shaw alimshambulia London mwaka 1895 kwa maneno makali, Zola, mwandishi wa Ufaransa, naye hakumpenda: wahusika ni vinyago vya kusukumwa na mpango, hakuna mawazo. Kuna ukweli ndani yake. Kwenye michezo yake dhaifu unaona kamba, mtu anaingia kwa sababu tendo linataka kuisha. Lakini watunzi wapya wenyewe walikuwa wamelishwa chakula hicho. Ibsen, mtunzi wa Norway, akiwa kijana alifanya kazi ukumbi wa Bergen ambako Scribe alichezwa kwa wingi, na barua ya siri kwenye sanduku la posta la mume wa Nora, katika tamthilia yake A Doll's House, ni mbinu ya shule hii. Oscar Wilde naye.

Sababu ya pili mimi naiona nzito zaidi. Aliandika kwa ajili ya mtu fulani, mwili wake na sauti yake. Bernhardt alipoondoka, Théodora na Gismonda zikabaki kama nguo iliyoshonewa mtu mmoja. Na ya tatu ni sinema, ilichukua kila alichokuwa anakiuza: kitu kinachopita mikononi, saa inayoyoyoma, mlango unaofunguka wakati mbaya. Madame Sans-Gêne yenyewe iligeuzwa filamu mapema, Réjane akiwa humo, na mwaka 1961 tena na Sophia Loren.

Nataka kuanza, nianze na ipi?

Kama unasoma Kifaransa anza Divorçons!, ni nyepesi na inaenda kasi, halafu Les Pattes de mouche, soma na kalamu na uandike karatasi iko wapi kila inapohama. Michezo yake mingi imepigwa picha kurasa zote na maktaba ya taifa ya Ufaransa na iko bure kwenye intaneti, haki zilishaisha zamani. Kama husomi Kifaransa tafuta Tosca yenye maandishi chini, angalia tendo la pili kwa Scarpia, uangalie kile kisu kipo mezani toka lini. Thermidor iache baadaye, inadai ujue kwanza kidogo habari za Robespierre na Kamati yake. Daniel Rochat na Spiritisme mimi ningeziruka.